Kuchomelea difu si dawa ya matope

Kila mvua ya masika inapoanza kunyesha na barabara zetu za mashambani kugeuka uji, hurejea katika karakana za jua kali ushauri mmoja ambao umezeeka lakini haujafa. Mwenye gari aliyekwama mara tatu katika juma moja huambiwa na fundi, "Leta hiyo gari tuichomelee difu, utasahau matope." Ushauri huo hupokewa kwa furaha, kwa sababu kazi yenyewe haichukui muda, gharama yake ni ndogo, na matokeo yake huonekana papo hapo. Gari lililokuwa likizungusha gurudumu moja kama pia huku jingine limetulia tuli, sasa hupanda kilima kwa magurudumu yote mawili ya nyuma. Mwenye gari hulipa, hushukuru na kwenda zake.

Nia yangu leo ni kuupinga ushauri huo. Siupingi kwa kudai kwamba hausaidii matopeni, maana unasaidia, na mwenye macho haambiwi tazama. Naupinga kwa sababu gari lilo hilo litafika kwenye lami kabla ya jua kutua, nalo litakuwa limebeba watu: wanafunzi wanaokwenda tamasha la muziki, mgonjwa anayekimbizwa hospitalini, akina mama wanaotoka sokoni na magunia yao. Hawa hawakuulizwa lolote pale karakanani. Aidha, nimechagua kulizungumzia jambo hili mbele ya walimu na wanafunzi kwa makusudi, kwa kuwa hoja yote imesimama juu ya hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na difu yenyewe. Ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, linalopokea nguvu kutoka kwa injini kupitia propela shafti na kuigawa kwa magurudumu mawili, la kushoto na la kulia, kupitia vyuma viwili vinavyoitwa hafu shafti. Wengi hudhani kazi yake ni kugeuza tu mwelekeo wa nguvu ili magurudumu yazunguke. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, na ndiyo iliyolipa jina lake, ni kuyaruhusu magurudumu hayo mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Mfaransa aitwaye Onésiphore Pecqueur alipata haki ya uvumbuzi wa chombo cha aina hiyo katika miaka ya 1820, akikikusudia kwa gari la mvuke, zamani kabla ya gari la petroli kubuniwa. Haja ya chombo hicho, basi, ni kongwe kuliko magari tunayoyajua.

Haja hiyo inatokana na nini? Watazame wanafunzi wanaopiga gwaride wakiwa wamejipanga safu moja pana, kisha waamriwe kugeuka kona wakiwa bado katika safu. Aliye ndani kabisa ya kona hupiga hatua ndogondogo, karibu asimame palepale, ilhali aliye nje hulazimika kutanua miguu. Wakipiga wote hatua sawa, safu itavunjika. Magurudumu ya gari ni vivyo hivyo. Linapokata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani.

Ni ndefu kiasi gani? Hapa mwalimu wa hisabati asimame ubaoni. Tuseme gurudumu la kushoto na la kulia yametengana kwa mita 1.5, kipimo kilicho karibu na cha magari mengi ya kazi. Gari likizunguka duara kamili, gurudumu la nje litatembea umbali unaozidi ule wa la ndani kwa mara mbili ya pai mara 1.5, yaani mita 9.42. Jambo la kupendeza ni kwamba ukubwa wa duara haujalishi hata kidogo. Liwe duara la uwanja wa mpira au la kuzunguka mwembe, tofauti ni ile ile. Kona ya kawaida ya njia panda ni robo ya duara, kwa hiyo tofauti ni robo ya 9.42, ambayo ni takriban mita 2.36. Sasa chukua tairi lenye kipenyo cha sentimita 75. Mzingo wake ni mita 2.36. Maana yake ni kwamba katika kila kona ya robo duara, gurudumu la nje hutakiwa lizunguke mara moja nzima zaidi ya lile la ndani. Si nusu, si robo. Ni mzunguko mzima.

Tuiweke hesabu hiyo akilini, maana tutaihitaji.

Difu ya kawaida, ambayo nitaiita difu huria, huimudu kazi hiyo bila taabu. Ila ina udhaifu mmoja, na udhaifu huo ndio unaotukwamisha. Difu huria ni mgawaji mwadilifu kupita kiasi: nguvu ya kuzungusha inayolipa gurudumu moja ni sawa na ile inayolipa jingine. Ikiwa gurudumu la kulia limekaa juu ya tope laini lisiloweza kuhimili ila nguvu kidogo kabla ya kuteleza, basi la kushoto nalo litapata kidogo kile kile, hata likiwa limesimama juu ya mwamba mkavu. Gurudumu mvivu huamua kipimo cha gurudumu hodari. Lile lililo topeni huzunguka kwa kasi na kujichimbia kaburi, na lenye mahali pa kushika husimama likitazama.

Ndiyo maana gari la fobaifo, ambalo wengi huliheshimu kama kwamba haliwezi kukwama, hukwama. Lina difu mbele na difu nyuma. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakikosa mshiko kwa wakati mmoja, nguvu ya kusogea hubakia haba. Mengine, kama Land Rover Defender, yana hata difu ya tatu katikati, pamoja na kufuli ya kuifunga pale inapohitajika. Mwenye gari akiuliza kwa nini alilipia magurudumu manne ilhali yanayozunguka ni mawili tu, swali lake ni la haki.

Hapa ndipo spuli inapoingia. Spuli ni kipande cha chuma kinachotiwa mahali pa moyo wa difu, na ambacho hakina vijigia vya ndani vya kutofautisha kasi. Huziunganisha hafu shafti mbili zikawa kana kwamba ni chuma kimoja. Likizunguka gurudumu la kushoto, la kulia nalo huzunguka, kwa kasi ile ile, wakati wote, mahali pote. Zipo spuli zinazotengenezwa viwandani kwa chuma imara. Sisi huku tuna ya kwetu ya kimaskini: fundi huifungua difu, huvichomelea vile vijigia vya ndani vikashikana, kisha huirudisha.

Sitaki kumdhulumu mtetezi wa spuli, kwa hiyo nizitaje sifa zake kwa ukamilifu. Kwanza, ile ya kiwandani ni imara. Haina sehemu ndogondogo za kuchakaa wala kuvunjika. Pili, ni nyepesi na rahisi kuliko vifaa vingine vyote vya aina yake. Tatu, haihitaji umeme, hewa wala kumbukumbu ya dereva. Haiwezi kusahauliwa ikiwa wazi. Nne, dereva anajua daima gari lake litafanya nini. Kwa sababu hizo, spuli ina heshima yake katika michezo fulani ya magari, kama yale mashindano ya mbio fupi za mstari ulionyooka, au ya kukwea miamba yanayopendwa sana Marekani.

Hata hapa petu tunayo mashindano yanayoonyesha ni gari la namna gani linaweza kunufaika na vifaa vya kufunga difu. Rhino Charge ilianza mwaka 1989 ili kuchanga fedha za kuzungushia msitu wa Aberdare ua wa umeme. Ua huo ulikamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Katika mashindano hayo kasi si hoja. Washiriki hutakiwa kufikia vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni yule aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Kwa hiyo dereva haoni haya kuuparamia mwamba au kutumbukia korongoni badala ya kuuzunguka. Gari la kazi kama hiyo hujengwa kwa siku hiyo, waliomo wamevaa kofia ngumu na mikanda, na jioni laweza kubebwa juu ya lori kurudishwa nyumbani. Mwenye gari la namna hiyo akichagua spuli, mimi sina neno naye. Amepima, amechagua, na shingo iliyo hatarini ni yake.

Sasa tulirudie gari la shule, la zahanati na la abiria, na tuirudie ile hesabu yetu. Tumeona kwamba katika kila kona gurudumu la nje linadai mzunguko mmoja zaidi. Difu iliyochomelewa inasema hapana, yote mawili yatazunguka sawa. Deni hilo lazima lilipwe na mtu fulani, na walipaji ni watatu.

Mlipaji wa kwanza ni tairi. Kwa kuwa magurudumu hayawezi kupishana, lazima tairi moja liburuzwe juu ya barabara, au yote mawili yagawane kuburuzwa, mpaka ile mita 2.36 ipatikane. Kwenye changarawe au tope kuburuzwa huko ni rahisi na hakuna anayekusikia. Kwenye lami kavu, tairi hulia na raba huachwa barabarani. Anayesafiri kutoka kijijini mpaka makao makuu ya kaunti na kurudi ahesabu kona zake, kisha ahesabu bei ya matairi.

Mlipaji wa pili ni hafu shafti. Chini ya difu huria, kila hafu shafti hubeba nusu ya nguvu ya kuzungusha, basi. Difu ikifungwa, uadilifu huo hutoweka. Gurudumu moja likiwa angani na jingine limebanwa katikati ya mawe, nguvu yote huiendea hafu shafti moja. Katika kona ya lami, moja husukuma mbele na nyingine huvutwa nyuma, nazo husokotwa kama nguo inayokamuliwa. Chuma kina uvumilivu, lakini si mtumwa. Kikisokotwa maelfu ya mara huchoka na kukatika. Hapo pana tofauti ambayo abiria haijui. Katika ekseli za Land Rover za zamani na za Land Cruiser za kazi nzito, uzito wa gari haukaliwi na hafu shafti, kwa hiyo ikikatika gurudumu hubaki mahali pake. Lakini katika pikapu nyingi ndogo, hafu shafti hiyo hiyo ndiyo iliyobeba uzito na kushikilia gurudumu. Ikikatikia mahali pabaya, gurudumu linaweza kuondoka pamoja na breki yake. Nani anataka kuwa amekaa juu ya gari hilo kwenye mteremko?

Mlipaji wa tatu, na ndiye anayenifanya niandike, ni usukani. Ekseli ya nyuma iliyofungwa hutaka kwenda mbele moja kwa moja, kama toroli lenye magurudumu yaliyokazwa kwenye chuma kimoja. Dereva akigeuza usukani, sehemu ya mbele hubishana na sehemu ya nyuma. Katika lami kavu mabishano huwa mazito lakini mbele hushinda. Katika lami iliyolowa, hakuna uhakika wa mshindi. Gari linaweza kukataa kukata kona na kuendelea kuelekea ukingoni. Au, dereva akikanyaga mafuta katikati ya kona, matairi yote mawili ya nyuma yanaweza kupoteza mshiko kwa mkupuo mmoja, na mkia wa gari ukamtangulia dereva. Kwa difu huria, gurudumu moja lingeteleza na la pili lingebaki likishikilia mkia mahali pake. Kumbe ule uvivu tulioulaani matopeni ndio uliokuwa ukituokoa kwenye lami.

Hata matopeni kwenyewe, sifa za difu iliyofungwa zina mpaka. Barabara zetu za udongo zimejengwa zikiwa na mgongo katikati ili maji yateremke pande zote mbili. Mvua ikinyesha juu ya ule udongo mweusi unaonata kama ulimbo, gari hupita likiwa limelalia upande. Gari lenye difu huria huweza kukwama hapo, lakini gurudumu moja lililotulia hulizuia lisiteremke. Gari lenye difu iliyofungwa huzungusha magurudumu yote mawili, yote mawili hupoteza mshiko wa ubavuni, na mkia huteleza taratibu kuelekea mtaroni. Dereva wa maeneo ya udongo huo anajua ninalolisema.

Fauka ya hayo, spuli ya kuchomelea si sawa na spuli ya kiwandani. Vijigia vya difu vimefanywa vigumu kwa moto na ustadi maalumu. Moto wa kuchomelea huuvuruga ugumu huo, na chuma kilichopozwa ovyo hugeuka kikavu chenye kupasuka. Kipande kikimeguka ndani ya difu, kitasagwa pamoja na gia kubwa, na kikibanwa vibaya kinaweza kuikaza ekseli nzima gari likiwa mbioni. Tena gia zilizochomelewa hazirudi kuwa huria. Anayejuta hununua difu nyingine. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Kama spuli siyo, je, ni nini? Kila mlango na ufunguo wake, na walimwengu wamebuni funguo kadhaa.

Ipo kwanza difu yenye kuzuia mtelezo, ambayo ndani yake mna visahani vinavyosuguana. Gurudumu moja likianza kukimbia, visahani hulipunguza na kulipa jingine sehemu ya nguvu. Baadhi ya pikapu na Land Cruiser hutoka kiwandani nayo. Haina makelele wala haihitaji kitufe, lakini inadai oili yake maalumu, visahani vyake huisha kadiri miaka inavyopita, na gurudumu likiwa angani kabisa msaada wake huwa mdogo.

Ipo pili kufuli ya kujiendesha yenyewe. Hii huyafunga magurudumu yote mawili wakati injini inasukuma, kisha katika kona huliachilia lile la nje litangulie. Ni imara, lakini tabia yake barabarani ni ya ghafla: hugonga, hushtuka, na humshtua dereva asiyeizoea, hasa katika gari fupi.

Ipo tatu kufuli ya kuchagua, na hii ndiyo ninayoipigia debe. Kwa siku za kawaida difu yako ni huria kama kiwanda kilivyoiacha. Ukifika penye tope au miamba, unabonyeza kitufe, na hewa iliyoshindiliwa au mota ndogo ya umeme inazifunga hafu shafti zikawa kitu kimoja. Ukivuka, unafungua. Toyota imekuwa ikizitoa Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, zikiwa na uwezekano wa kuwekewa kufuli za umeme mbele na nyuma. Kampuni ya ARB ya Australia ilijulikana duniani kwa kufuli yake ya hewa. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Trekta linalolima shamba la jirani yako aghalabu lina kufuli hiyo hiyo: ni ile pedali ndogo ambayo dereva huikanyaga gurudumu moja linapoanza kuzunguka bure mtaroni, na huiachilia kabla ya kugeuza trekta mwishoni mwa shamba. Mkulima hajawahi kufikiria kuchomelea difu ya trekta lake. Anajua kwamba kufunga na kufungua ni ndugu wawili.

Ipo nne mbinu ya magari ya kisasa, ambayo kompyuta hutambua gurudumu linalokimbia na kulifunga breki, ili lile jingine lipate nguvu. Ni ya busara, ila lazima mtelezo uanze kwanza ndipo ifanye kazi, na ikitumiwa kwa muda mrefu breki hupata moto.

Najua jibu ninaloandaliwa. "Mwalimu, wewe unazungumzia vitufe na hewa ya Australia, mimi nina gari kuukuu, watoto wanne na karo ya muhula wa pili." Jibu hilo lina uzito, wala sitalicheka. Kufuli ya kuchagua ni ghali, na kwa wengi haifikiki. Kuna pia wanaoishi mahali ambapo gari haligusi lami kuanzia Januari hadi Desemba, huenda kwa mwendo wa kobe, na kukwama jangwani usiku ni hatari kubwa kuliko tairi lililochakaa. Kwa mtu huyo mizani inaweza kuelemea upande wa spuli, nami namwachia uamuzi wake, mradi aliowabeba wajue.

Lakini wenye hali hiyo wanapungua kila mwaka. Tuitazame barabara ya kutoka Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale, yenye kilomita 500 hivi. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa sawa na mawe, vumbi na tope, na magari yaliyopita huko yalitengenezwa na mafundi kwa ajili ya mawe, vumbi na tope. Lami yake ilikamilika kabla ya miaka ya 2010 kwisha. Barabara imebadilika, mwendo umepanda, lakini je, magari yote yamebadilika? Gari lililofungwa difu kwa ajili ya barabara ya zamani halijui kwamba barabara ni mpya. Tena huuzwa. Mnunuzi wa pili wa Nanyuki au Meru huliona limepakwa rangi, hulisikia likinguruma vizuri, na hakuna anayemwambia kilicho ndani ya ekseli.

Kwa asiye na fedha za kufuli, zipo njia nyingine ambazo hazimwachii abiria deni. Punguza upepo wa matairi unapoingia topeni, kisha uujaze tena kabla ya kurudi kwenye mwendo wa kasi. Beba koleo, mbao mbili na minyororo ya matairi. Ikiwa breki yako ya mkono hufunga magurudumu ya nyuma, ivute kidogokidogo huku ukikanyaga mafuta taratibu. Gurudumu linalokimbia litazuiwa na lile jingine litapata nguvu. Tahadhari, mbinu hiyo haifai kwa Land Rover za zamani na nyinginezo ambazo breki ya mkono hushika propela shafti, kwa sababu hapo unajifunga mwenyewe. Zaidi ya yote, shuka ulikague tope kwa miguu kabla ya kuliingia. Magari mengi hukwama kwa haraka ya dereva kuliko kwa udhaifu wa difu.

Kila dereva wa fobaifo isiyo na difu ya katikati hufundishwa siku ya kwanza kwamba asiendeshe magurudumu manne kwenye lami kavu, kwa kuwa mbele na nyuma zitabanana na vyuma vitaumia. Kanuni hiyo huheshimiwa hata na wasioijua sababu yake. Basi anayechomelea difu ya nyuma anatenda kosa la ukoo huo huo, tena bila wenzo wa kulifuta afikapo kwenye lami. Inakuwaje tunalikataa kosa la kwanza kama sheria ya dini, na la pili tunalilipia?

Nina mapendekezo matatu. La kwanza ni kwa walimu wakuu na halmashauri za shule. Mnaponunua au kukodi gari la kubeba wanafunzi, ulizeni kuhusu difu kama mnavyouliza kuhusu breki. Upo mtihani ambao fundi anaweza kuufanya mbele yenu. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe, ekseli ya nyuma iinuliwe na kukalishwa juu ya stendi imara, injini ikiwa imezimwa, gia zikiwa huru na breki ya mkono imeachiliwa. Mtu azungushe gurudumu moja kwa mkono. Katika difu huria, la pili kwa kawaida litazunguka kinyume. Yakizunguka yote mawili upande mmoja kama mapacha, ulizeni zaidi na difu ifunguliwe. Huenda ni kifaa halali cha kuzuia mtelezo, na huenda ni kazi ya kuchomelea.

La pili ni kwa wanaokagua magari ya abiria kila mwaka. Taa na honi ni muhimu, lakini ekseli ya nyuma nayo ina siri zake. Mtihani nilioueleza hauhitaji mitambo ya mamilioni.

La tatu ni kwetu sisi walimu wa fizikia na hisabati, pamoja na wenzetu wa vyuo vya kiufundi. Mwanafunzi anayekariri fomyula ya mzingo wa duara bila kujua kwamba imo ndani ya pikapu iliyomleta shuleni ameibiwa nusu ya elimu yake. Mpelekeni uwanjani na kamba ya mita moja na nusu. Mwacheni apime, azungushe tairi, ahesabu ule mzunguko mmoja. Kesho yake, baadhi ya wanafunzi hao ndio watakaokuwa mafundi wa jua kali, na wengine ndio watakaokuwa wenye magari. Fundi wa leo anayechomelea difu si mtu mbaya; ni hodari anayetatua shida aliyoletewa kwa chombo alicho nacho. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha, akiwa bado kijana, kwamba chuma anachokiunganisha kilitenganishwa kwa sababu.

Mwenye gari ana haki ya kuvuka tope. Abiria naye ana haki ya kufika. Kifaa kinachofungwa penye matope na kufunguliwa penye lami huzitunza haki zote mbili. Kilichochomelewa huitunza ya kwanza kwa kuikopa ya pili, na siku ya kulipa hakuna anayejua itakuwa katika kona gani.